Kisima Kipimwe Kabla Hakijaingia Chumvi

Wasomaji wetu watatuwia radhi leo ikiwa tutawatoa visiwani na kuwapeleka katika nchi isiyo na bahari, isiyo na minazi wala mikarafuu, na ambayo mvua yake ya mwaka mzima haifikii ile inayotunyeshea sisi katika mwezi mmoja wa masika. Nchi hiyo ni New Mexico, jimbo la kusini-magharibi ya Marekani. Hatuendi huko kutembea. Tunakwenda kwa sababu watu wa jangwa lile, katika miaka ya katikati ya karne ya 20, walikabiliwa na swali lile lile linalotukabili sisi hivi leo, nalo ni hili: maji yaliyo chini ya ardhi ni ya nani, na ni nani mwenye wajibu wa kuhesabu yanavyochotwa? Sehemu moja ya jimbo hilo ililijibu swali mapema. Sehemu nyingine ilichelewa, na kuchelewa huko wanakulipia mpaka sasa. Tofauti baina ya sehemu hizo mbili ndiyo iliyotushawishi kuandika.

Kwanza tuieleze nchi yenyewe. Mto Rio Grande huanzia katika milima ya Colorado, ambako theluji ya kipusa huyeyuka na kuwa maji, kisha huteremka kuelekea kusini na kulipasua jimbo zima la New Mexico kabla ya kuwa mpaka baina ya Texas na Mexico. Katika bonde la kati, penye mji wa Albuquerque, mvua ya mwaka haifiki milimita 250. Unguja hupata zaidi ya milimita 1,500. Kwa hiyo huko hakuna mkulima anayepanda kwa kutegemea mawingu. Anayetaka mahindi, pilipili au majani ya ng'ombe hana budi ayatoe maji mtoni kwa mfereji. Ukisimama juu ya kilima utaona ukanda mwembamba wa kijani kando ya mto, na kuanzia pale mfereji wa mwisho unapokoma ni mchanga, vichaka vya miiba, na mifugo iliyotawanyika mbalimbali ikitafuta majani.

Mifereji hiyo huitwa kwa Kispania acequia. Jina hilo lisitupite hivi hivi, maana asili yake ni Kiarabu, sakia, lenye maana ya kinyweshea maji. Waarabu na Waberberi walioingia Hispania tangu mwaka 711 walifika na elimu ya kugawana maji, na Wahispania wakairithi. Mwaka 1598 walowezi wa Kihispania waliofika New Mexico wakachimba mfereji wao wa mwanzo huko, ingawa wenyeji wa Pueblo walikuwa wakinywesha mashamba kwa njia zao kabla ya mgeni yeyote kutia mguu. Miongoni mwetu wamo wenye jamaa Oman ambao wanazijua falaji, ile mifereji ya kale ambayo zamu yake ya maji ilipimwa kwa jua mchana na kwa nyota usiku. Basi falaji na acequia ni watu wa ukoo mmoja. Mwarabu wa Nizwa na mkulima wa New Mexico hawajapata kuonana, lakini wangekaa chini ya mti mmoja wakazungumza habari ya zamu, wangeelewana.

Sheria ya mfereji ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuitimiza. Kila mwenye shamba lililonyweshwa na mfereji alikuwa mwanachama. Wanachama walichagua wajumbe watatu na msimamizi mmoja, aitwaye mayordomo. Kila mwanzo wa kipusa kumalizika, kabla ya maji kuachiwa, wanachama wote walitoka na sepetu kuuzoa mfereji tope na magugu, na asiyeweza kutoka alimpeleka mtu badala yake au alilipa. Aliyetega kazi alihatarisha zamu yake. Mwaka wa mvua kila mtu alipata. Mwaka wa ukame msimamizi alipunguza zamu za wote, na aliyefungua lango la maji usiku wakati si zamu yake alijulikana asubuhi na kijiji kizima. Haikuwa pepo. Watu waligombana, na kesi zilikuwapo. Lakini walichogombania kilikuwa kikionekana, kwa kuwa maji ya mfereji hupita mbele ya macho ya watu. Mpaka leo iko mifereji ya jamii ipatayo 700 katika jimbo hilo, na sheria inaitambua kuwa ni vyombo vya umma vyenye mamlaka yake.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba mfereji unaweza kusalimika peke yake. Mto mmoja uingiao Rio Grande, uitwao Rio Puerco, unatufundisha hayo. Baada ya reli kufika New Mexico karibu na mwaka 1880, soko la nyama na sufu lilifunguka, na nyanda za malisho zikajazwa ng'ombe na kondoo kupita uwezo wake. Majani yalipoliwa mpaka mizizi, mvua chache za huko, ambazo hunyesha kwa kishindo, hazikupata cha kuzizuia. Mto ukaanza kujichimba na kushuka chini, mwaka hadi mwaka, mpaka midomo ya mifereji ikabaki inaning'inia juu ya kingo. Maji yalikuwa yakipita chini, na shamba liko juu linakauka. Vijiji vya bonde hilo vilijaribu kujenga vizuizi vya miti na mawe, na mafuriko yakavichukua. Kufikia miaka ya 1950 watu wa vijiji kadhaa walikuwa wamekwisha kuhama, na nyumba zao za udongo zikaachiwa upepo. Tope lililotoka huko nalo halikupotea. Lilikwenda kuinua sakafu ya Rio Grande, na mwaka 1929 kijiji cha San Marcial, kilichokuwa mbali kwa upande wa chini, kikafunikwa na mafuriko na kikafa. Mwaka 1934 serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kuwapa wafugaji vibali vya malisho kwa hesabu. Ilikuwa sheria nzuri, ila kwa vijiji vya Rio Puerco iliwakuta watu wamekwisha kuanza kufunga mizigo.

Serikali nayo ilikuja na kazi kubwa kubwa. Mwaka 1916 likakamilika bwawa la Elephant Butte, la kuwanywesha wakulima wa kusini ya New Mexico na wa El Paso katika Texas, na pia kutimiza mkataba wa mwaka 1906 ambao Marekani iliahidi kuipa Mexico kiasi cha mita za ujazo milioni 74 kila mwaka. Mwaka 1925 ikaundwa halmashauri ya kuhifadhi bonde la kati, ikakausha mabwawa ya kinamasi, ikajenga kingo, ikaunganisha mifereji ya vijiji katika mpango mmoja. Kazi ilikuwa ya lazima, kwani mashamba mengi yalikuwa yamekwisha kuzama. Lakini gharama zilitozwa kwa kila shamba, na mizigo hiyo ilipoangukia miaka ya dhiki ya 1930, wako wakulima wadogo walioshindwa kulipa na wakapoteza ardhi ya babu zao. Tunalitaja hili kwa sababu maofisa wetu nao hupenda miradi mikubwa, na ni vyema wakumbuke kwamba mradi unaweza kufaulu katika ramani na ukawashinda wale waliokusudiwa kufaidika nao.

Mwaka 1938 majimbo matatu, Colorado, New Mexico na Texas, yalitia saini mkataba wa kugawana Rio Grande. Mkataba huo ulipima maji ya mto katika vituo, ukaandika kila jimbo lipate nini na liache nini. Watu wakadhani kazi imekwisha. Walisahau jambo moja: mkataba uliyahesabu maji yaliyo juu ya ardhi, na haukuwa na hesabu ya wazi ya yale yaliyo chini.

Kisha ukaja ukame wa miaka ya 1950. Wazee wa Texas na New Mexico wameusimulia kwa miaka mingi. Nyasi zilikwisha. Wafugaji waliuza ng'ombe kwa bei ya kutupa, na huko Texas wengine walizunguka na mitambo ya moto kuunguza miiba ya mpungate ili mifugo ipate kula shina lake. Bwawa la Elephant Butte likapungua mpaka ikabaki sehemu ndogo mno ya maji yake. Mwaka 1954 lilikuwa karibu na kukauka. Mkulima wa bonde la Mesilla, ambaye maisha yake yote alikuwa akiyangoja maji ya bwawa, akaukuta mfereji wake mtupu. Akafanya ambalo kila mtu mwenye watoto angelifanya. Akachimba kisima, akatia pampu. Jirani yake naye akachimba. Kwa muda wa miaka michache visima vya umwagiliaji vilichimbwa mamia kwa mamia, na pamba na mboga zikasalimika. Hakuna aliyemlaumu mtu, wala sisi hatumlaumu.

Lakini maji yale ya kisimani yalikuwa yakitoka wapi? Hapo ndipo mkasa ulipoanzia. Katika mabonde yale, maji ya chini ya ardhi na maji ya mto ni kitu kimoja. Mto hunywesha mchanga ulio chini yake, na mchanga ukinyonywa na pampu, hunyonya kutoka mtoni. Anayechota kisimani anachota mtoni bila ya kuonekana, ila mto haujui siku hiyo hiyo. Huja kujua baada ya miaka. Mfereji una msimamizi, una zamu, una macho ya kijiji. Kisima hakina ila ufunguo wa mwenyewe. Watu waliokuwa tayari kukamatana mashati kwa saa moja ya maji ya mfereji, walichimba visima usiku na mchana na hakuna aliyemwuliza mwenzake.

Alikuwapo mtu mmoja aliyeuliza. Mwaka 1955 Steve Reynolds alishika cheo cha Mhandisi wa Jimbo, ambaye kwa sheria ya New Mexico ndiye mwenye amana ya maji yote. Hakuwa mtu wa kupendwa na wote, na katika miaka 35 aliyokaa katika cheo hicho alipata wapinzani wengi. Mwaka 1956, katikati ya ukame, alitangaza kwamba maji ya chini ya ardhi ya bonde la kati la Rio Grande yamewekwa chini ya usimamizi. Atakaye kisima kipya aombe kibali, na sharti lake lilikuwa la maana kubwa: kiasi ambacho kisima hicho kitaupunguza mto, mwenye kisima akilipe kwa kununua na kuiondoa haki ya zamani ya maji ya mto yenye kiasi hicho. Mji wa Albuquerque ulikasirika. Ulikuwa mji unaokua kwa kasi, ukasema kwamba sharti hilo litauzuia kukua, ukaenda mahakamani. Mwaka 1962 Mahakama ya Juu ya jimbo ikamthibitishia Reynolds kwamba ana mamlaka hayo.

Je, mji ulidumaa? Mwaka 1960 Albuquerque ilikuwa na wakazi 201,000 hivi. Mwaka 2020 walikuwa zaidi ya 560,000. Zaidi ya hayo, mwaka 1993 wataalamu wa serikali waliutangazia mji huo kwamba hazina yake ya maji ya chini, iliyodhaniwa kuwa haina mwisho, ni ndogo kuliko ilivyokuwa ikiaminiwa. Kwa kuwa mji ulikuwa umekwisha kuzoea kuhesabu, haukubabaika. Ukahimiza wakazi kubana matumizi, na mwaka 2008 ukaanza kunywa maji ya mto yanayoletwa kwa mahandaki kupitia chini ya milima, na maji ya kisimani yakaanza tena kupanda. Hiyo ndiyo sehemu iliyojibu mapema.

Sehemu iliyochelewa ni bonde la chini, lile lile la visima vya Mesilla. Huko, maji ya chini ya ardhi hayakuwekwa chini ya usimamizi wa Mhandisi wa Jimbo mpaka mwaka 1980, yaani miaka 24 baada ya bonde la kati, na baada ya mji wa El Paso kuanza harakati za kutaka maji ya visima vya upande wa New Mexico. Katika miaka 24 kila kisima kilikuwa kimekwisha kuwa mazoea, na kila mazoea yamekwisha kudaiwa kuwa haki. Mwaka 2013 jimbo la Texas lililifikisha jimbo la New Mexico mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani, likidai kwamba visima hivyo vinanyonya maji ambayo mkataba wa mwaka 1938 uliyatoa kwa watu wa Texas. Mawakili walikula fedha za umma miaka na miaka. Majimbo yalipokwisha kupatana, serikali ya shirikisho haikuridhia, na mwaka 2024 mahakama hiyo ikayakataa mapatano yao. Basi kisima alichochimba babu mwaka 1954 kuokoa shamba la pamba, kilimpeleka mjukuu mahakamani baada ya miaka 60. Wala haikuwa mara ya kwanza. Katika mto mwingine wa New Mexico, Pecos, Texas ilifungua kesi ya namna hiyo mwaka 1974, na ikaishia kwa New Mexico kuilipa dola milioni 14.

Liko tukio moja zaidi la jimbo hilo ambalo tunaona litawagusa wakazi wa pwani zetu bila ya kuongezewa chumvi. Katika miaka ya 1980, huko kaskazini katika kijiji cha Ensenada, wawekezaji walitaka kununua haki ya maji kutoka katika mfereji wa jamii ili wayatumie katika mji wa mapumziko ya watalii. Wanachama wa mfereji wakapinga, wakisema kwamba mfereji ukipungukiwa na wanachama na maji, waliobaki hawawezi kuuzoa wala kuujaza. Mwaka 1985 jaji wa wilaya aliwapa haki wanakijiji, akiona kwamba desturi na maisha ya watu nayo yana thamani isiyopimwa kwa fedha ya hoteli peke yake. Mwaka 1988 mahakama ya rufani ilitengua hukumu hiyo, kwa kuwa sheria iliyotumika wakati wa maombi haikumwagiza ofisa kuangalia maslahi ya umma. Wanakijiji hawakukaa wakalia. Sheria ilikuwa imekwisha kurekebishwa ili maslahi ya umma yaangaliwe, na mwaka 2003 bunge la jimbo likaipa mifereji yenyewe uwezo wa kuyakubali au kuyakataa maombi ya kuyahamishia maji yake kwingineko. Leo mwekezaji anayetaka maji ya mfereji wenye kanuni hiyo anakwenda kwanza kukaa na wenye mfereji.

Sasa turudi nyumbani. Sisi hatuna Rio Grande. Unguja ina vijito vichache, na tangu zamani mji wetu umekunywa maji ya chemchemi. Seyyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 mpaka 1888, ndiye aliyeyaleta mjini kwa mabomba. Maji tunayoyategemea mno ni yale yaliyo chini ya miguu yetu. Katika upande wa mashariki, penye mawe ya matumbawe na udongo haba, maji matamu yameelea juu ya maji ya bahari kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Wataalamu wa maji wana hesabu yao ya visiwa vya namna hii: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, chini yake yapo maji matamu ya kina cha kiasi cha mita 40. Hesabu hiyo ni ya kufurahisha ukiisoma kwenda juu, na ni ya kutisha ukiisoma kurudi chini. Ukichota mpaka ukashusha maji kwa mita moja, bahari inapanda kwa chini, taratibu, kwa mita 40.

Mkulima wa Mesilla, kisima chake kikikauka, aliweza kungoja theluji ya mwaka wa neema ikamjazia. Kisima chetu kikiingia chumvi, mvua ya mwaka mmoja haikitakasi. Kwa hiyo nafasi ya kukosea tuliyonayo sisi ni ndogo kuliko ya watu wa jangwani, ingawa mvua yetu ni mara sita ya yao. Jambo hili ni gumu kuamini siku ya masika, barabara zinapogeuka mito. Ndiyo maana tunalisema.

Apitaye vijiji vya pwani atasikia kina mama wakieleza kisima ambacho bibi zao walikinywa na leo hakifai hata kupikia. Atawaona watoto wakisukuma madumu kwa gari la mkono. Hatua chache kutoka hapo ataona ukuta, na nyuma ya ukuta bustani ya majani mabichi na hodhi la kuogelea, na mashine inayovuma. Hatusemi kwamba kila mwenye mashine ni mkosaji, wala hatuna chuki na utalii. Vijana wetu wanakula humo, na hazina ya serikali inakula humo. Tunalolisema ni kwamba aliye ndani ya ukuta na aliye nje yake wanachota katika chungu kimoja, na mmoja wao ana kata na mwenziwe ana pampu. Maji ya chini hayajui ua ulipoishia.

Tutaambiwa kwamba mwekezaji akiwekewa mita na masharti atakimbilia kwingine. Mji wa Albuquerque ulisema hivyo hivyo mbele ya mahakama, na tumekwisha kuona ulivyokua. Mwenye akili aliyemwaga fedha zake katika hoteli ya miaka 30 ndiye wa kwanza kutaka kujua kama kisima chake kitakuwa kitamu mwaka wa 15. Anayekimbia mita ni yule aliyekusudia kuondoka kabla ya chumvi kufika, na huyo tusimlilie.

Tutaambiwa pia kwamba sheria ipo. Ni kweli, Mamlaka ya Maji Zanzibar iliundwa kwa sheria ya mwaka 2006, na hatuwadharau watumishi wake wanaofanya kazi katika hali ngumu. Lakini New Mexico ilikuwa na sheria ya maji ya chini ya ardhi tangu mwaka 1931, na bonde la Mesilla likachimbika hivyo hivyo, kwa sababu sheria ilingojea mtu wa kuitangaza mahali pale na kuisimamia. Kitabu cha sheria hakishuki kisimani kwa miguu yake.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wetu mambo manne. La kwanza, kila kisima cha biashara, kiwe cha hoteli, cha kiwanda au cha muuza maji kwa magari, kiandikwe na kifungwe mita, na hesabu yake isomwe kila mwezi. Wakulima wa bonde la Roswell, New Mexico, walifungiwa mita katika miaka ya 1960 na wakaendelea kulima. La pili, hesabu hiyo ibandikwe katika ofisi ya sheha, mahali mvuvi na mwalimu wataisoma. Siri ndiyo iliyowaponza wenye visima vya Mesilla. Lango la mfereji lililindwa na macho ya watu, na kisima nacho kipewe macho. La tatu, kabla ya kibali kipya kutolewa, watu wa shehia wakae na mwombaji, na neno lao liandikwe na lipimwe, lisiwe la kutimiza ada. La nne, kipimo cha chumvi na cha kina cha maji kichukuliwe katika visima vya vijiji vyenyewe kila kiangazi na kila baada ya masika, ili tujue tunakokwenda kabla ya kufika.

Na wananchi nao wana sehemu yao. Mwanachama wa mfereji kule jangwani hakupata haki kwa kulalamika peke yake. Aliipata akiwa na sepetu mkononi kila mwaka. Kisima cha kijiji kisichofunikwa, bomba linalovuja miezi mitatu na kila mtu anapita, taka zinazotupwa juu ya ardhi inayotunyweshea, hayo hayakuletwa na hoteli. Anayetaka asikilizwe katika kikao cha maji, naaonekane siku ya kazi ya maji.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga wetu. Bonde la kati la Rio Grande liliziba ufa mwaka 1956, likagombana kwa miaka sita, likaendelea na maisha yake. Bonde la chini lilingoja mpaka mwaka 1980, na gharama ya ukuta wake limekuja kuijua mbele ya majaji. Sisi tuna kisiwa kimoja na chungu kimoja cha maji, na chini yake kuna bahari inayosubiri bila ya haraka. Atakayetia saini kibali cha kisima kesho asubuhi, kabla ya kushika kalamu, aulize swali moja tu: mita iko wapi?